Mbwa, msitu na takataka: mwongozo wa matembezi ya kila siku Karura

Mbwa wangu anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa Nairobi. Ni wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Tumekuwa tukiingia msitu wa Karura karibu kila asubuhi kwa miaka mitano sasa. Nilidhani kazi ingekuwa kumzuia asikimbize kima. Kumbe kima ni jambo dogo. Kinachonishughulisha zaidi ni taka za aina tatu: anazoziacha yeye, zilizoachwa na watu ambazo anataka kuzila, na zile ninazoweza kuziondoa njiani bila kuigeuza asubuhi kuwa kibarua.

Naandika kuhusu Karura kwa sababu ndio msitu ninaoujua: zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, umetengwa rasmi kama hifadhi ya misitu tangu 1932, umekatwa na Limuru Road na Kiambu Road. Mengi ya haya yatafaa hata kwa kichaka kilicho nyuma ya mtaa wenu. Ila ulizia masharti ya mahali kwanza, kwa kuwa kila msitu una yake, na hifadhi za taifa kama ile ya wanyama ya Nairobi haziruhusu mbwa hata kidogo.

Hatua ya 1: Mambo ya daktari na kamba

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Kipige picha cheti ukae nayo kwenye simu. Siku mbwa wako atakapomkwaruza mtu hata kwa bahati mbaya, hicho ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa. Dawa ya minyoo mpe kila miezi mitatu, na ya kupe kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza.

Kamba iwe ya kawaida, mita moja na nusu hadi mbili. Zile zinazojifungua zenyewe mpaka mita tano ziache dukani. Karura mbwa hutembea akiwa amefungwa kamba tangu langoni hadi langoni, na sababu wanayoitoa ni wanyama: mna pongo, funo, kima na mbega. Mimi naongeza sababu yangu. Mbwa aliye mita mbili kutoka mguuni pako, unaona anachonusa kabla hakijafika mdomoni. Aliye mita tano mbele, utaona mkia tu.

Hatua ya 2: Mfundishe "acha" na "toa" mkiwa bado nyumbani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Watu wengi huanza na kamba nzuri na viatu vizuri, mbwa hajui neno hata moja, halafu wanashangaa.

"Acha" maana yake ni: usikiguse. Nunua omena wakavu wa shilingi hamsini, wakaange kidogo bila chumvi wala mafuta. Weka mmoja ndani ya ngumi, mnyooshee mbwa. Atanusa, atalamba, atakwaruza kwa kucha. Nyamaza. Usimkemee wala usivute mkono. Punde tu atakapogeuza uso pembeni, hata kwa nukta moja, msifu umpe omena mwingine kutoka mkono wa pili. Hapo pana siri yote: kile alichoambiwa aache hakipati kamwe, hupata kizuri zaidi kutoka kwako. Ukimpa kile kile cha kwenye ngumi, umemfundisha kusubiri tu.

Baada ya siku tatu nne anza kutamka neno lenyewe, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kisha weka omena sakafuni chini ya kiatu. Kisha sakafuni bila kiatu. Kisha mpitishe kwa kamba kando ya mfupa uliouweka makusudi uani. Simba alihitaji wiki tatu, dakika tano kwa siku. Mbwa wa jirani yangu, German shepherd wa ukoo na vyeti, alihitaji miezi miwili, na ninalitaja hili kila nikipata nafasi.

"Toa" ni kwa kile ambacho kimeshaingia mdomoni. Hili hufundishwa kwa kubadilishana: mpe mpira autafune, mkaribie na omena puani, akifungua mdomo sema "toa," mpe omena, kisha mrudishie mpira. Akishazoea kwamba kutoa si hasara, atatoa hata kitu kibaya. Usimkimbize mbwa mwenye kitu mdomoni. Ukimkimbiza, kwake huo ni mchezo, na ukimkaba koo atameza upesi zaidi.

Najua hili kwa gharama yangu. Mwaka wetu wa kwanza, kabla hata hatujafika langoni, Simba aliokota gunzi la mahindi ya kuchoma kando ya stendi, lina ndimu na pilipili na moshi, mambo yote matamu ya dunia hii. Nikapiga kelele, nikamkimbilia. Akalivunja mara mbili na kulimeza huku akinitazama. Siku hiyo alikula vizuri, na ya pili pia. Siku ya tatu akaanza kutapika, mgongo umepinda kama upinde, tumbo gumu. Gunzi haliyeyuki tumboni mwa mbwa; hukaa pale pale, na likiingia kwenye utumbo huuziba kama kizibo. Alipasuliwa usiku ule ule. Bili ilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi.

Kwa hiyo vijue vitu vya njiani ambavyo si vya kuchezea. Magunzi, kama nilivyosema. Mifupa ya kuku na ya nyama choma: iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kama sindano, tofauti na mibichi. Chokoleti, kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo ilivyo mbaya zaidi. Chingamu isiyo na sukari, kwa kuwa nyingi huwa na kiungo kinachoitwa xylitol, ambacho huishusha ghafla sukari ya damu ya mbwa. Tembe chache tu zinamtosha mbwa mdogo. Zabibu, na mabaki yoyote ya keki yenye zabibu ndani. Vitunguu. Foili iliyofungia nyama, kwa sababu mbwa hamenyi, humeza na karatasi yake.

Akishameza kitu usichokijua, mpigie daktari wa mifugo papo hapo, usingoje dalili. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, ingawa nusu ya mtaa watakushauri hivyo. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake, na kitu chenye ncha kikirudi juu hukata kila kinapopita. Na ukiona uzi au kamba imening'inia kwenye tundu la nyuma, usiivute. Mpeleke nayo hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Mkoba

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Tarehe 5 Juni 2020 ikaja marufuku ya pili: chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja haviruhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo. Kwa hiyo maji yako yawe kwenye chupa ya bati, ya mbwa kwenye kopo lake.

Kisha linakuja swali ambalo kila mwenye mbwa Nairobi amewahi kujiuliza: sasa kinyesi nitakiokotea nini?

Jibu liko jikoni kwako. Paketi ya karatasi ya unga wa ugali, ile ya kilo mbili. Ni nene, haipitishi unyevu upesi, inasimama yenyewe ikiwa wazi, na nyumba yenye watu wanne humaliza kadhaa kwa mwezi. Ikung'ute, ikunje, weka mbili mkobani kila asubuhi pamoja na kipande cha kadibodi cha ukubwa wa kiganja na kibanio kimoja cha nguo. Mifuko inayoandikwa kwamba huoza pia inauzwa, na ukiwa na pesa za kuchezea nunua, ila soma vizuri: mingi huoza kwenye mtambo wenye joto kali. Kwenye jaa la kawaida hukaa kama wenzake.

Vitu vingine ni vichache. Glavu nene za kulimia. Ndoo ndogo ya rangi ya lita nne yenye mpini, au gunia la katani. Kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko kinachobana, la kuhifadhia ile paketi ikishajaa, kwa sababu msitu ni mrefu na pua yako ni moja. Na koleo la mkaa. Utaona wanaouza vile vishikio virefu vya kuokotea taka, na ni vizuri kwa mgongo, lakini koleo la jiko refu kidogo hufanya kazi ile ile na lina nguvu zaidi kwa chupa.

Hatua ya 4: Njiani, na watu

Kibao cha "Mbwa Kali" (sarufi yake tuiache) ndicho kimewalea watu wengi wa mji huu. Wengi wamemjua mbwa kama mlinzi wa geti, mwenye meno, na usitegemee wafurahi kumwona. Kusema "hana neno, hang'ati" hakumsaidii mtu aliyeng'atwa akiwa darasa la tatu. Ukiona mtu anapunguza mwendo, toka njiani hatua tatu, mketishe mbwa upande wako wa mbali, fupisha kamba, msalimie mtu, mwache apite. Utakutana pia na Waislamu, hasa wenye asili ya Pwani, ambao kwa madhehebu yao ya Kishafii mate ya mbwa yakigusa nguo ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Pua iliyolowa kwenye kanzu ya mtu anayetoka matembezini akaswali si mzaha kwake. Fupisha kamba.

Hatua ya 5: Kinyesi cha mbwa wako

Mbwa wengi huhitaji choo dakika kumi za kwanza za kutembea. Basi mtembeze kwanza nje ya lango, kwenye nyasi za kando ya barabara, amalize hapo. Na hapo pia unaokota. Watoto wa shule hupita.

Namna yenyewe: fungua paketi, ilaze mdomo wake ukigusa ardhi, sukumia kinyesi ndani kwa kadibodi, tumbukiza na kadibodi yenyewe, kunja mdomo mara mbili, bana kwa kibanio, tia ndani ya kopo. Sekunde ishirini. Kama tumbo limemharibika, mwagia udongo mkavu au majani makavu kwanza, ungoje kidogo, kisha chota pamoja na udongo wa juu. Akiharisha zaidi ya siku moja, msitu usubiri.

Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja, kwa upole tu: "Kijana, huu ni msitu. Pongo wananya, kima wananya, wewe unaokota nini?" Ni swali zuri. Pongo hula majani ya msitu huu na kuyarudisha kwenye msitu huu. Simba hula ugali, vichwa vya samaki na mabaki ya nyama kutoka nyumbani, halafu analeta humo ndani minyoo ambayo msitu haukuiomba. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni ndipo yakomae, na yakishakomaa huweza kukaa miaka, hasa penye kivuli na unyevu, yaani hasa msituni. Ukiokota kikiwa kibichi umekwisha kuikata safari yao. Ukisema utakiokota wakati wa kurudi, utasahau, au mvua itakitangulia.

Kuna mnyoo mwingine, tegu mdogo anayemwingia mbwa kwa kula viungo vibichi vya kondoo, mbuzi au ng'ombe wenye ugonjwa, na mayai yake yakimwingia mtu huota vifuko vya maji kwenye ini au mapafu. Turkana wanaujua ugonjwa huo kuliko wengi wetu. Kwa hiyo yale maini na mapafu yenye malengelenge ambayo mwenye bucha hukupa bure "ya mbwa," yakatae. Ukipewa mazuri, yachemshe vizuri kabla ya kumpa.

Na sasa malalamiko yangu makubwa. Kuna watu wanaookota kinyesi vizuri kabisa, wanakifunga kwenye mfuko, wanakaza fundo, kisha wanauacha mfuko chini ya mti au wanautundika kwenye tawi. Sijui wanamngoja nani. Kinyesi kilichoachwa wazi kitanyeshewa na kuliwa na mbawakavu. Kilichofungwa na kutundikwa kitakaa hapo kama pambo la Krismasi mpaka kima aje akifungue kuona kama ni chakula. Kama hutakibeba mpaka mwisho, ni heri usingekifunga. Bora ukibebe.

Hatua ya 6: Kuokota za wengine

Siku za mwanzo niliitwa chokoraa. Mtu mwenye ndoo na koleo, nyuma ya mbwa asiye na ukoo, Nairobi hapewi jina jingine. Utazoea, na baada ya mwezi mmoja watu wale wale wataanza kukuonyesha: "Kaka, pale nyuma kuna chupa."

Usianze kwa bidii ya siku ya kwanza. Nimeona watu wakija na magunia Jumamosi moja, wanajaza matano, wanapiga picha, hawarudi tena. Mimi huokota vitu kumi kwa siku, na huokota wakati wa kurudi tu. Nikifika kumi naacha, hata kama cha kumi na moja kiko miguuni. Kwenda ni kwa mbwa. Anuse, asimame, achague njia. Kurudi ni kwa ndoo. Mbwa naye hujifunza mpango huo: akiona koleo limetoka mkobani anajua mwendo utakuwa wa kusimamasimama, hukaa bila kuvuta.

Njia za ndani za Karura kwa kweli ni safi kuliko mitaa mingi. Taka hukusanyika pembezoni, karibu na barabara kuu ambako watu hutupa kutoka kwenye magari. Hukusanyika kando ya mabenchi. Na zaidi ya kote, kwenye kona za mito baada ya mvua kubwa, kwa sababu Mto Ruaka na vijito vingine hupita kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni. Utaona chupa, viatu vya ndara, nepi, vipande vya nguo, vyote vimenasa kwenye mizizi. Usishuke majini kuvifuata. Maji hayo yana maji taka ndani yake, na kingo huporomoka. Okota kile unachokifikia kwa koleo ukiwa umesimama pakavu, na mbwa asinywe hapo hata akililia. Kinachokwepa koleo lako kitaingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao huko chini huitwa Galana na baadaye Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Ndara moja ya Ruaka inaweza kufika ufukweni kabla yako.

Vioo vilivyovunjika viwe vya kwanza katika kumi zako, hata kama ni vidogo. Nyayo za mbwa huchanika na hupona polepole kwa kuwa hawezi kukaa bila kuzikanyagia. Okota kwa koleo, weka ndani ya kopo gumu, si kwenye gunia linalopiga mguu wako. Mbwa akikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia, lifunge, rudini nyumbani polepole. Kipande kilichozama ndani acha daktari akitoe.

Ila kazi iliyopunguza taka kuliko ndoo yangu yote ya miaka mitano niliifanya kwa dakika mbili za mazungumzo. Baada ya Simba kupasuliwa nilikwenda kwa yule mama wa mahindi pale stendi. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika. Nikamkuta anahangaika kuwasha jiko, mkaa umelowa. Nikamuuliza, "Mama, haya magunzi ukiyapata yakiwa makavu hayawashi moto?" Akacheka, akasema yanawasha sana, ila wateja huondoka nayo. Siku iliyofuata nilimletea gunia kuukuu, akalitundika kwenye mwavuli wake, na sasa yeye mwenyewe huwaita wateja: "Gunzi langu, rudisha!" Anayakausha juani, anawashia jiko. Njia ile haina magunzi tena. Kabla ya kununua ndoo ya pili, tazama taka zako zinatoka kwa nani, ukazungumze naye kwa adabu.

Hatua ya 7: Usivyogusa

Sindano za hospitali. Nyama au mayai yaliyotegwa mahali pasipo na watu, maana huenda yametiwa sumu. Mzoga wa mnyama yeyote. Mitego ya waya. Magunia yaliyofungwa ambayo hujui ndani mna nini. Na chochote kilicho ndani ya kichaka: pale pana thabai, yale majani yanayowasha, pana nyoka, na wakati wa mvua pana siafu, ambao mbwa wako atawagundua kwa tumbo lake kabla yako.

Ukidungwa na sindano usiikamue damu. Osha kwa maji na sabuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ni faida. Uliza pia chanjo ya pepopunda. Ukiumwa na mbwa mwingine, au na kima, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali, hata kama jeraha ni dogo.

Vitu hivi vyote vina mtu wake wa kuvishughulikia: walinzi wa msitu. Njia panda za Karura zina vibao vyenye namba. Piga picha ya kitu, taja namba ya kibao kilicho karibu na saa uliyokiona, wapelekee langoni. "Kuna mtego" haiwasaidii. "Mtego wa waya, hatua hamsini kutoka namba fulani, upande wa mto" inawafikisha pale kabla ya mchana. Ukikuta gari linamwaga taka pembezoni, andika namba zake ukiwa mbali na uendelee na safari. Usijitie ushujaa, wanaomwaga taka usiku hawakuja na risiti.

Wakazi wa zamani hapa wanakumbuka miaka ambayo watu waliogopa kuingia Karura hata saa sita mchana. Ulikuwa msitu wa majambazi, na kabla ya hapo nusura ugawanywe viwanja: Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo walipokwenda kupanda miche. Msitu usiotembelewa ndio unaomwagiwa taka, maana hakuna wa kuona. Kwa hiyo hata siku ambayo ndoo yako imerudi tupu, macho yako mawili na pua ya mbwa wako vimefanya kazi fulani.

Hatua ya 8: Mkifika nyumbani

Taka ulizookota zitenganishe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka kila nyumba itenge zinazooza na zisizooza, lakini hata bila sheria kuna faida: chupa za plastiki na makopo ya bati yana wanunuzi wa kilo mtaani. Mimi huyaweka kwenye gunia nje ya geti na kijana wa mkokoteni huyachukua kila Alhamisi. Kinachobaki huenda na gari la taka hadi Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado linapokea. Ndiyo maana napenda zaidi ile njia ya mama wa mahindi.

Kinyesi: kama una choo cha shimo, tupa paketi nzima humo. Kama ni choo cha kuvuta maji, mimina kinyesi peke yake, paketi ifungwe itupwe. Ukiwa na shamba unaweza kufukia futi mbili chini, mbali na kisima, na usiweke kamwe kwenye mbolea ya sukuma wiki.

Koleo na ndoo zioshe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, zianike juani. Glavu zigeuze ndani nje.

Kisha mkagueni mbwa, na hapa watoto hupenda kusaidia: kati ya vidole, ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo. Kupe utamng'oa kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja taratibu bila kuzungusha, wala usimpake mafuta ya taa. Mtumbukize kwenye spiriti. Mbwa akizubaa na kukataa chakula wiki moja au mbili baadaye, ufizi wake ukawa mweupe, mwambie daktari kwamba ulimtoa kupe na tarehe yenyewe. Mimi huziandika kwenye kalenda ya jikoni, kando ya siku za unga kwisha.